Mwaka Popo Alipogonga Nyundo

Mwezi uliopita, kwenye harusi moja hapa Likasi, msimamizi wa sherehe alitaka watu wanyamaze ili baba wa bwana harusi aseme neno, akachukua uma na kugonga chupa: ting, ting, ting. Ukumbi mzima ukanyamaza. Mimi nikacheka. Sikukusudia, kicheko kilitoka chenyewe, na mama aliyekaa pembeni yangu, kilemba chake kikubwa kama sinia, akanigeukia kana kwamba nimetukana wazazi. Hapohapo, kutoka ng'ambo ya ukumbi, nyuma ya makasha ya vinywaji, nikasikia mwanaume anacheka vilevile, kicheko cha kukwamakwama kama baiskeli inayoshuka mlima bila breki. Nikakijua kabla ya kumwona mwenyewe. Yaya Ilunga! Si kaka yangu wa kuzaliwa, lakini tulikuwa tunaitana hivyo, yeye yaya na mimi leki, mdogo wake, tangu mwaka ule tulipokaa lupango moja, uwanja mmoja wenye nyumba na wapangaji. Alihamia Kolwezi zamani na sikutegemea kumwona tena. Tukakutana katikati ya ukumbi, wazee wakitukodolea macho.

"Leki! Ulisikia?"

"Nilisikia!"

"Njo yeye!" akasema, ile njo yetu ya kusema ndiye.

"Njo yeye kabisa, Yaya, sauti ileile!"

Watu wa meza yetu walitaka kujua tunacheka nini. Tukajaribu kueleza, kila mmoja akimkata mwenzake maneno, na hakuna aliyeelewa hata robo. Popo? Nyundo? Mlikunywa nini nyie? Ndipo nikaona habari hii inataka kuandikwa taratibu, tangu mwanzo. Mimi si mtu wa masomo mengi, shule niliiacha katikati ya sekondari, ila mwaka ule ninaujua kuliko kitabu chochote nilichowahi kufungua.

Nilikuwa na miaka kumi na saba na nilikaa kwa Mama Mujinga, mdogo wa mama yangu, pembeni kabisa ya mji, upande wa njia ya Kakontwe, pale ambapo vumbi jeupe la mawe ya chokaa linatua juu ya mihogo mpaka sombe, yale majani yake ya kupika, inabidi ioshwe na kuoshwa tena. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili. Changu kilikuwa pia ghala: magunia ya unga wa mahindi, majembe, mabeseni ya plastiki yaliyopangwa moja ndani ya lingine, na cherehani ya mkono isiyokuwa na sindano. Karibu kila jioni nilikaa mbele ya cherehani ile nikizungusha gurudumu lake bure, nikijishonea magauni ambayo hayakuwepo. Harufu ya chumba kile ninayo mpaka leo: unga, mafuta ya mashine, na moshi wa mbabula, lile jiko letu la makala, ambalo Mama Mujinga aliliwasha mlangoni ili mbu wakimbie na bukari, ugali wetu, iive kwa kazi moja. Ukuta wangu mmoja uliungana na chumba cha wapangaji, ukuta wa tofali moja tu, kwa hiyo kila walichosema nilikisikia kama redio yangu mwenyewe. Wapangaji walikuwa Yaya Ilunga na mwenzake Deo, wachimbaji wa mkono, wale tunaowaita ma-creuseur. Walikuwa wanarudi na udongo mpaka ndani ya masikio, wanaoga, wanakula, halafu wanaanza kubishana.

"Deo, mbele ya kuanza shimo, unaita nani?" Yaya Ilunga alimwuliza jioni moja.

"Mungu."

"Kisha Mungu?"

"Mama yangu."

"Bongo, unanidanganya! Mama yako iko mbali. Unaita baramina!"

Baramina ni ule mtaimbo mrefu wa chuma wa kuvunjia mawe. Nikiwa na sikio kwenye tofali nilimsikia akieleza desturi yao: kabla ya kufungua shimo karibu na shimo la mtu mwingine, unausimika mtaimbo ardhini kwa nguvu, unalala chini, unaweka mfupa wa nyuma ya sikio kwenye chuma, unabana pumzi. Kama kuna mtu anachimba huko chini, chuma kitakuambia. Usipofanya hivyo mashimo mawili yanakutana, udongo unashuka, na kesho yake mama wa mtu analia. "Sikio ya muntu iko na tamaa," alisema. "Chuma haina tamaa." Niliyapenda maneno hayo, nikayazungusha kichwani pamoja na gurudumu la cherehani.

Chini ya lupango yetu kulikuwa na mushitu. Niwaeleze wale ambao kwao hakuna kitu hicho: ni kipande cha msitu mnene kinachokaa mahali pa majimaji, pale chemchemi inapotokea, na hata nyasi za vilima vyote zikauke na kuungua, mushitu unabaki kijani. Wetu haukuwa mkubwa. Mtu angeweza kuuzunguka akila hindi moja la kuchoma. Lakini ukiingia tu, joto linabaki nje kama mgeni aliyekatazwa mlango. Mikuyu minene, mipera iliyojiotea, majani mapana yanayoning'inia mpaka kiunoni, na katikati maji baridi yanayochuruzika chini ya jiwe. Mtaa mzima ulichota pale, maana mabomba yalikuwa yanatoa zaidi upepo. Foleni ya mabeseni ndiyo ilikuwa bunge letu, na matusi yake yalikuwa matamu. Maji yaliyozidi yalishuka kwenye matuta ya lengalenga ya Mama Mujinga, na mboga zile ndizo zilizotulisha, yeye na mimi.

Popo niliwakuta mchana, nikitafuta mapera. Nilinyoosha mkono kusogeza jani kavu, na jani kavu likafungua macho. Sikupiga kelele, mpaka leo sijui kwa nini. Alikuwa mdogo, angeenea kwenye kiganja changu na nafasi ikabaki. Uso wake haukuwa ule uliokunjamana wa popo wa darini. Ulikuwa uso wa kitoto cha mbwa, pua ya kunusanusa, macho makubwa ya rangi ya chai, na chini ya kila sikio doa jeupe kana kwamba mtu amemgusa kwa kidole chenye unga. Alikuwa amejifunga mabawa kama mama anavyojifunga kitenge asubuhi ya baridi ya mwezi wa sita. Aliniangalia, akaninusa, akaona sina maana, akafumba macho. Ee, furaha niliyokuwa nayo! Nikaanza kuinama chini ya kila jani. Mmoja hapa, wawili kule, kila mmoja na jani lake, kimya, tofauti na wale popo wakubwa wanaojaza mti mzima na kugombana kama watu wa sokoni. Hawa walikuwa na haya. Siku nyingine nikamwona jike amebeba mtoto kifuani, mtoto hana hata manyoya ya kutosha, ameng'ang'ania titi, na mama yake amemzungushia bawa. Nikawa nakwenda kila siku. Nilijifunza kwamba wanakula kuyu na mapera, wananyonya maji yake na kutema makapi, na zile mbegu ndogondogo wanazimeza na kuzidondosha popote wanaporuka. Beseni lililosahauliwa huko chini lilikuwa linakutwa asubuhi na mavi ya rangi ya waridi yaliyojaa mbegu, na Mama Mujinga alikuwa akiyakwangua huku akimlaumu kuku wa jirani, kuku ambaye hakuwahi kufika pale.

Sikumwambia mtu yeyote. Popo kwetu hana sifa nzuri. Mama Kabulo, kiongozi wa akina mama wa maombezi kwenye kanisa letu la mabati, alikuwa na sauti ya kuvunja glasi na alisema wazi: "Popo ni avion, ni ndege ya bachawi. Ikiingia mu nyumba, weye lala chini na uombe." Na popo wangu, jamani, hawakuonekana hata kama wangeweza kumbeba mchawi wa kilo moja.

Mwezi wa tisa joto lilipanda, hewa ikajaa moshi wa majani yaliyochomwa, watu wakaanza kuangalia mawingu. Ndipo jioni moja, jua limeshazama lakini bado unaona mkono wako, nikasikia kupitia ukuta:

"Deo. Nyamaza."

"Siko nasema kitu."

"Nyamaza kabisa. Unasikia?"

Nikaacha gurudumu. Kutoka chini, kwenye mushitu, ikaja: ting. Kimya. Ting. Kimya. Ting. Safi, ya mdundo mmoja, kama mtu mwenye subira.

"Ni nyundo," alisema Yaya Ilunga. "Kuko muntu anagonga mabwe mule."

"Ao ni chura."

"Chura gani iko na chuma mu kinywa? Minye nafanya mu mashimo tangu niko kijana mudogo, nyundo nitakosa kuijua?"

Nafikiri katika nchi nyingine watu wangesema ni ndege, au mdudu, wakaendelea kula. Sisi masikio yetu yamelelewa na chuma. Mtu akigonga jiwe jioni, kwa kujificha, maana yake ameona kitu, na kama ameona kitu basi kipo, na kama kipo kwa nini kiwe chake peke yake? Asubuhi habari ilikuwa imefika kwenye foleni ya maji. Jioni iliyofuata watu walisimama juu ya mteremko wakisikiliza, mikono nyuma, kama wako kwenye misa. Mmoja akasema ni nyundo ya kilo tano, mwingine akasema hapana, ni patasi, mwingine akasema wako wawili na wanapokezana. Wakaja kutoka mitaa mingine. Akina mama wakaleta maandazi na karanga. Na mimi? Mimi niliamini kuliko wote! Nilikuwa nakwenda kitandani na kobalti, yale madini yanayotafutwa na wachimbaji wetu, kichwani. Niliona cherehani mpya yenye sindano, ukumbi wa kushonea wenye vioo, wasichana kumi na wawili wakishona na mimi nikipita katikati yao na tepu shingoni, nikisema, "Hapana, mshono huu urudiwe." Ni raha ya ajabu kuwa tajiri ukiwa umelalia gunia la unga.

Mama Mujinga peke yake hakuwa na raha. "Mulima ya shaba iko na kipala," aliwaambia jioni moja, kijiko cha bukari mkononi. "Bote munajua. Pale kuko shaba, muti haioti, ni nyasi na maua tu. Sasa hapa miti imejaa hivi, hiyo mali yenu itatoka wapi?"

"Mama, ile ni shaba. Kobalti haiogope muti," alijibu Deo, na watu wakampigia makofi kana kwamba amefaulu mtihani.

Mama Mujinga alikuja kunipakulia sombe, akasema kwa sauti ndogo, kama anaongea na sufuria: "Bakikata mushitu, maji itaenda. Maji ikienda, mi niko nani?" Mkuu wa mtaa alikuwa ameshakubali: Jumamosi asubuhi watu waje na mashoka, wafungue mahali, kazi ianze. Yaya Ilunga, kwa sababu ndiye aliyesikia kwanza, wachimbaji walikuwa wameshamfanya mkubwa wa shimo. Walimwita PDG, kama Wafaransa wanavyomwita mkurugenzi mkuu wa kampuni. Alianza hata kutembea kama PDG, tumbo mbele, tumbo ambalo hakuwa nalo. Na wasio na subira walikuwa wameshaangusha mkuyu mmoja pembeni ya njia. Nilikwenda kuuona umelala, kuyu zake mbichi zimetapakaa, na kwa mara ya kwanza wale wasichana wangu kumi na wawili wakaacha kushona.

Jumatano ile nilisahau beseni kwenye chemchemi. Nikarudi kulichukua giza likianza, watu wakiwa bado hawajafika, na nilipoinama nikasikia ting! juu ya kichwa changu. Si ardhini. Juu. Nikainua uso taratibu. Kwenye tawi la mkuyu alining'inia mmoja wa popo wangu, dume, na mabegani mwake yalikuwa yamefunguka manyoya meupe, mashada mawili, kama zile alama za mabegani za komanda siku ya gwaride. Mabawa yakatetemeka. Mashavu yakavimba. Akafungua kinywa: ting! Akapumzika, akageuza kichwa huku na huku kama anayengoja jibu la jike, akavimba tena: ting! Kiumbe cha kiganja kimoja, na mtaa mzima umesimama juu unamsikiliza ukila karanga! Nilikaa chini kwenye tope. Niliziba kinywa kwa mikono miwili. Siwezi kueleza furaha ile. Kobalti haikuwahi kunipa hata nusu yake. Yule mtu wa subira, yule fundi wa siri, alikuwa anatafuta mchumba!

Nilipanda mteremko nikikimbia, beseni nikalisahau tena, nikamwangukia Mama Mujinga mlangoni. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alicheka kidogo, halafu kicheko kikafa usoni pake.

"Usiseme. Bado."

"Juu ya nini, mama? Wakijua ni popo hawatachimba!"

"Hawatachimba. Batachoma. Mama Kabulo akisikia popo anagonga nyundo kama muntu, unafikiri atasema nini? Ataleta petroli."

Hilo sikuwa nimeliona. Mlango mmoja una mashoka, mlango mwingine una moto. Nilikula bukari bila kujua ninachomeza. Lakini kupitia ukuta nikasikia Yaya Ilunga akimpangia Deo nani atashika jembe na nani atavuta kamba, na nikakumbuka kwamba mtu huyu ana kitu kimoja anachokiheshimu kuliko tamaa yake.

Ijumaa ngurumo zilitisha na watu hawakuja kusikiliza. Nilimkuta akinoa shoka nje ya chumba chake.

"Yaya, ulipiga baramina?"

"Wapi?"

"Mu mushitu. Mbele ya kuanza shimo karibu na shimo ya mwengine. Kama yule muntu iko kule chini, kesho mukichimba juu yake?"

Jiwe la kunolea likasimama. Aliniangalia kama vile mtoto amemwambia zipu iko wazi. Kweli hakuwa amefanya. Kila mtu alikuwa amesikia kwa masikio yake mwenyewe, nani angejisumbua kuuliza chuma? Aliingia ndani, akatoka na baramina begani, na mimi nikamfuata. Alichagua mahali karibu na jiwe la chemchemi, akasimika chuma kwa mapigo matatu, akalala kifudifudi kwenye majani yaliyooza, akaweka mfupa wa sikio. Tukangoja. Ting, ikasema jioni. Ting.

"Chini haisemi kitu," alinong'ona. Akasogea, akasimika mahali pengine, akalala tena. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesikiliza kifua cha mgonjwa. "Leki, kule chini kuko kimya. Kimya ya kabisa. Sasa anagonga wapi?"

Nikaonyesha kwa kidole. Alikaa, akainua macho, akatafuta, na yule bwana mdogo, kana kwamba alikuwa anangoja hadhira, akafungua mashada yake meupe, akavimba, akagonga.

Yaya Ilunga akaanza kile kicheko cha baiskeli isiyo na breki. Alicheka mpaka akalala tena kwenye majani, na popo akaruka. Alipomaliza machozi yalikuwa yanatelemka, na machozi yale hayakuwa ya kicheko tu. "Minye PDG," alisema. "Bantu bote balikuya juu ya kinywa yangu. Bengine baliacha mashimo yao. Kesho niseme ni popo? Batanicheka mpaka Kolwezi."

"Usiposema, maji itaenda."

Alifuta baramina kwa jani, taratibu, kutoka juu mpaka chini. Tulipanda mteremko kila mtu na mawazo yake, na ule usiku, kwa mara ya kwanza tangu nilale kwenye chumba kile, redio yangu haikusema kitu.

Mushitu ule bado upo. Nilikwenda juzi, baada ya harusi, na sasa nina cherehani yenye sindano na vyumba viwili karibu na soko, na wasichana wawili badala ya kumi na wawili, na mmoja wao ni mvivu. Lakini asubuhi ile ya Jumamosi sikujua kama Yaya Ilunga atasema ukweli au atashika shoka. Nilisimama juu ya mteremko na Mama Mujinga, naye alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani kama anayekwenda msibani. Watu walikuwa wengi: mashoka, mapanga, magunia matupu, mabeseni ya akina mama waliokuja kuchota na kutazama kwa safari moja. Yaya Ilunga alitoka chumbani akiwa na baramina, akasimama mbele yao, akaichomeka ardhini.

"Ba ndugu. Jana nilipiga chuma. Chini hakuna muntu."

Kelele. Na ile nyundo, ni ya nani?

"Ni popo."

Mtu mmoja akarudia neno lile, polepole, na mteremko mzima ukapasuka. Watu walicheka wakashikana mabega. Wengine walikasirika, mmoja alitupa shoka chini akasema amepoteza juma zima. "PDG ya popo!" akapiga kelele Deo, rafiki yake mwenyewe, na neno likashika kama moto kwenye nyasi kavu. Yaya Ilunga alisimama tu, mkono kwenye chuma, akalichukua lote.

Ndipo sauti ya kuvunja glasi ikatoka nyuma. "Popo anagonga nyundo kama muntu, na munacheka?" Mama Kabulo alipenya mbele, mtoto wake wa mwisho amemfunga kifuani kwa kitenge. "Ile ni bachawi! Pachomwe!" Na vicheko vikaanza kupungua, kwa sababu hakuna anayetaka kuwa wa mwisho kucheka mambo ya bachawi. Nikasogea mbele yake. "Mama Kabulo," nilisema, "kuya uwaone kwanza. Ukisema tuchome, minye mwenyewe nitaleta kiberiti." Mama Mujinga alinifinya mkono mpaka nikaumia.

Alikuja akiomba kwa sauti, kundi zima nyuma yetu. Nikainama, nikainua lile jani pana la kiunoni, nikimwomba Mungu yule yule aliyekuwa anaombwa nyuma yangu wawepo. Walikuwepo. Jike alifumbua macho yake ya chai, akambana mtoto wake, akamzungushia bawa. Mama Kabulo akanyamaza katikati ya neno. Mkono wake, bila yeye kujua, ulikuwa umeshika mgongo wa mtoto wake.

"Ee," alisema. "Anamubeba kabisa kama sisi."

"Na mapera ile batoto yako banakula kila siku," alisema Mama Mujinga, "nani aliipanda? Weye ulipanda? Minye? Angaria mavi yao, imejaa mbegu."

"Mi nitapaombea hata hivyo!" alisema Mama Kabulo haraka, maana kiongozi hawezi kuondoka mikono mitupu. Na aliomba, mikono juu, kwa nguvu zake zote, na popo wote wakaruka kwenye mwanga wakamzunguka kichwa, naye akapiga yowe, akachuchumaa, na watu wakacheka mpaka na yeye akacheka. Jani likashushwa. Hakuna aliyezungumza tena habari za kiberiti.

Wanaume walibaki wamesimama na magunia yao matupu, hawajui wapeleke wapi mikono. Mama Mujinga akawaangalia, akachukua beseni lililojaa, akamtwika mchimbaji wa kwanza aliyekuwa karibu, mtu wa mabega kama mlango. "Mulikuya kubeba, si vile? Bebeni." Akina mama wakapiga vigelegele. Beseni moja baada ya jingine likapanda juu ya vichwa ambavyo havijawahi kubeba maji, na mstari wa wachimbaji ukaanza kupanda mteremko ukiyumba, maji yakimwagika shingoni, wake zao nyuma wakisahihisha: shingo nyoosha, usikimbie, weye unacheza dansi ao unabeba! Mbele yao wote alikwenda Yaya Ilunga, amelowa mpaka kiunoni, mikono miwili juu. Watoto walimkimbilia pembeni wakiimba, "PDG Popo! PDG Popo!" na mimi nikaogopa kumwangalia usoni. Alisimama. Beseni likatulia. Kisha, kama mwanafunzi anayeitikia kwa Kifaransa kwamba yupo jina lake likiitwa darasani, akajibu kwa sauti iliyofika mpaka barabarani:

"Présent!"